Lango Lisomwe kwa Nyuma

Lango la mbao la uani lina nyuso mbili, na fundi anayejua biashara yake huupamba ule unaotazama njia. Mbao za kusimama zimepigwa randa na kupangwa sawa, ncha zake za juu zimechongwa mshale au upinde, rangi imepita mara mbili. Mnunuzi husimama mbele yake, huridhika, hulipa. Mhakiki hana budi kuzunguka. Apite ndani, alifunge nyuma yake, kisha aligeukie. Huko ndiko iliko kazi yenyewe: mbao tatu za kulala, ubao mmoja wa mshazari, ncha za misumari zilizokunjwa, bawaba mbili na komeo. Ukitaka kujua kama lango hili litafungika baada ya masika mawili, habari yote iko upande huo.

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kutenganisha fani na maudhui. Huku muundo, mtindo, wahusika na matumizi ya lugha. Kule dhamira, ujumbe na falsafa. Katika tamthiliya mgawanyo huo una faida zake, hasa siku ya mtihani. Katika lango haufiki mbali. Maudhui ya lango ni kufunguka na kufungika, basi. Na kila kinachoamua kama hilo litawezekana ni fani: ubao unaelekea wapi, bawaba zimetengana kiasi gani, nguzo imezama kiasi gani, kati ya ubao na ubao kumeachwa nafasi gani. Ndivyo nitakavyolisoma, na maneno yangu mengi yataishia kwenye mstari mmoja, ule wa mshazari, kwa kuwa ndio unaobeba hoja nzima na ndio unaokosewa zaidi, hata na mafundi ambao mkono wao kwenye randa hauna mfano.

Tuchukue lango la kawaida la nyuma ya nyumba, la kupitisha mtu, baiskeli na toroli. Upana futi 4, kimo futi 5. Mbao za kusimama za inchi 1 kwa 6, paini ya Mafinga kwa walio Tanzania, saiprasi kwa walio nyanda za juu za Kenya. Nyuma yake mbao tatu za kulala: ya chini, ya kati, ya juu. Bawaba mbili ndefu za mkanda zimefungwa kwenye mbao za kulala za juu na chini, nazo zimetengana futi 4. Mbao zikiwa zimekauka, lango zima litakuwa na uzito wa karibu kilo 30. Ukitumia mkongo badala ya paini litakaribia kilo 50, na wengi huamini kwamba hapo ndipo limekuwa imara zaidi. Uzito huo ni mzigo ambao lango lenyewe litaubeba mchana na usiku, kwa hiyo imani hiyo ina walakini tangu mwanzo.

Mstatili ni umbo lisiloaminika. Piga mbao nne ziwe fremu, kila kona msumari mmoja, kisha sukuma kona moja: fremu inalala upande, maana kila msumari umekuwa bawaba ndogo. Ongeza misumari, fremu itasita zaidi, lakini lango halisukumwi mara moja. Linavutwa na uzito wake saa zote, na mara kadhaa kwa siku linatikiswa na mkono wa mtu mwenye haraka. Tundu la msumari linapanuka taratibu, upande wa komeo unashuka, na mstatili unageuka msambamba. Pembetatu haina tabia hiyo. Ukishaweka urefu wa pande zake tatu, pembe haziwezi kubadilika mpaka upande mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Ubao wa mshazari hufanya hilo tu: huligawa lango kuwa pembetatu mbili.

Swali linalobaki ni mshazari uelekee wapi, na hapa usomaji lazima uwe wa polepole. Upande wa bawaba umeshikwa; upande wa komeo uko huru na unataka kushuka. Ukishuka, kona ya juu ya upande wa komeo inaisogelea kona ya chini ya upande wa bawaba: umbali kati ya kona hizo mbili unapungua. Kona ya chini ya upande wa komeo nayo inaiacha kona ya juu ya upande wa bawaba: umbali huo unaongezeka. Lango lina mishazari miwili basi, mmoja unabanwa na mwingine unavutwa. Ubao uliopigiliwa unapaswa kukaa kwenye ule unaobanwa. Mguu wake uwe chini, karibu na bawaba ya chini. Kichwa chake kiwe juu, upande wa komeo.

Si kwamba ubao hauwezi kuvutwa. Ubao mnyofu usio na fundo huvumilia kuvutwa kwa urefu wake kuliko fundi anavyoweza kuujaribu. Kinachoshindwa ni kiungo. Ubao unaobanwa huegemea: mguu wake ukikatwa vizuri na kuingizwa kwenye pengo lililochongwa ndani ya ubao wa kulala, mti unasukuma mti, na misumari ipo kuzuia usihame tu. Ubao unaovutwa hauna cha kuegemea. Kila kilo inapitia kwenye misumari miwili au mitatu iliyo karibu na ncha ya ubao, mahali ambapo mti hupasuka kwa urahisi. Lango la namna hiyo linaweza kukaa mwaka bila kulalamika, kisha likaanza kuburuza.

Kwa hiyo ukisimama uani na bawaba ziko kushoto kwako, mbao za kulala za juu na chini pamoja na mshazari zitakuandikia herufi Z. Zikiwa kulia, utaona Z iliyogeuzwa. Fundi anayechora Z kila lango huwa sahihi nusu ya malango yake. Na kosa hili lina asili ambayo sijaona ikizungumzwa sana. Malango mengi hutengenezwa kando ya barabara kabla haijajulikana yatafungwa wapi. Mteja huagiza lango la futi 4, halafu huamua akiwa nyumbani kwamba lifunguke upande wa mti wa mwembe, si upande wa tangi la maji. Hapo fundi hulipindua kichwa chini miguu juu akidhani amelirekebisha. Lakini Z ukiipindua kichwa chini inabaki Z. Njia ni mbili tu: kuung'oa mshazari na kuupigilia upya, au kulifunga lango mgongo ukiwa njiani, jambo ambalo mnunuzi aliyelipia zile ncha za upinde hatalikubali. Swali la kwanza la fundi kwa mteja, kabla ya bei na kabla ya aina ya mbao, lingepaswa kuwa bawaba zinakaa upande gani.

Wapo wanaokwepa swali hilo kwa kuweka X. Inapendeza, na mmoja wa mishazari yake hauna budi kuwa sahihi. Lakini mbao mbili zinazopishana kwenye uso mmoja haziwezi kupita bila kuchongwa, kila moja nusu ya unene wake, pale katikati. Ule mshazari unaofanya kazi umepunguzwa nusu ili kumpa nafasi mwenzake asiye na kazi. Wengine huweka mishazari mifupi miwili, mmoja kati ya ubao wa kulala wa chini na wa kati, wa pili kati ya wa kati na wa juu, wakiiga milango mirefu ya stoo. Kwenye mlango wa futi 7 wazo hilo ni zuri. Kwenye lango letu kila kipande kinapanda futi 2 na kutambaa futi 4, yaani kimelala nyuzi 27 hivi, ilhali mshazari mmoja unaovuka kutoka chini hadi juu ungesimama nyuzi 45. Kadiri mshazari unavyolala ndivyo unavyolazimika kubanwa kwa nguvu zaidi ili kuinua uzito uleule. Mbao zimeongezeka, nguvu imepungua.

Nadhani chanzo cha makosa haya yote ni jicho linalopenda ulinganifu. Tunataka upande wa kulia ujibu upande wa kushoto, kama mizani ya ubeti. Lango haliwezi kukubali. Upande mmoja umeshikwa na mwingine unaning'inia. Nguvu zake hazilingani tangu lilipofungwa, na umbo linalojifanya kulingana linaficha jambo ambalo lingepaswa kulisema. Malango ya mashamba ya Uingereza, yale mapana yenye fito tano za kulala, hayaoni haya kuhusu hilo. Mti wake wa kusimama wa upande wa bawaba ni mnene kuliko wa upande wa komeo, na mara nyingi fito ya juu huanza nene kwenye bawaba na kuwa nyembamba kadiri inavyokwenda kwenye ncha. Mti umewekwa mahali penye mvuto na kuondolewa mahali ambapo ungekuwa uzito mtupu. Ukilitazama kwa mbali linaonekana limepinda kidogo kimaumbile, nami sijaona lango lililo zuri zaidi ya hilo.

Ulinganifu wa haki unapatikana kwa njia moja, kuweka mabawa mawili. Hapo kila ubawa unabaki na upogo wake na mwenzake anaujibu. Mishazari ikiwa imewekwa sawa, miguu yake iko kwenye nguzo za pembeni na vichwa vinakutana juu katikati: herufi V iliyosimama kichwa chini. Ukipita mtaani ukaona V ya kawaida mgongoni mwa geti la mabawa mawili, huhitaji kuuliza kwa nini pana jiwe chini ya kila ubawa.

Na sasa chuma, maana malango mengi ya mijini leo ni ya chuma. Mchomeleaji hukata mabomba ya mraba, huyaunga kona nne, hubandika bati zito na kulichomelea kote pembeni. Kona iliyochomelewa haizunguki kama kona ya msumari, na bati lililoshikwa kingo zake zote linazuia mstatili usilale. Geti la chuma linaweza kusahau mshazari na lisipatwe na neno. Tatizo linaanza pale umbo linapohama bila sababu zake. Mteja anaona geti la jirani, fremu safi, mistari ya wima na ya ulalo peke yake, anamwendea seremala na kusema nataka kama lile lakini la mbao. Seremala anamfanyia: fremu ya mninga, kona zimekatwa hanamu zikakutana kwa gundi na skrubu, ndani mbao zimepangwa kama funguo za kinanda. Siku ya kulifunga ni kitu cha kupigwa picha. Limepewa sarufi ya chuma na mwili wa mti.

Safari ya kurudi ipo pia. Kwenye mageti ya chuma utaona vyuma bapa vilivyochomelewa X au Z juu ya bati, vikipakwa rangi ya dhahabu. Huo ni mshazari wa seremala uliohamia kwa mchomeleaji ukawa pambo. Tena chuma bapa chembamba kikibanwa hupinda. Nguvu yake iko katika kuvutwa. Kama kingepewa kazi, kingetakiwa kukaa kwenye mshazari ule mwingine, kutoka bawaba ya juu kwenda kona ya chini ya komeo. Mstari mmoja, maana mbili zinazopingana, kutegemea umechorwa kwa kitu gani. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba fani haisomwi bila kujua imetengenezwa kwa kitu gani.

Upana ni jambo linalodharauliwa kwa sababu hesabu yake haionekani kwa macho. Uzito wa lango unakaa katikati ya upana wake. Lango letu la kilo 30 linaelekeza uzito huo futi 2 kutoka kwenye nguzo, na bawaba zimetengana futi 4. Kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa kutoka kwenye nguzo kwa nguvu ya kilo 15, na ya chini inasukumwa kuingia kwenye nguzo kwa kilo 15 hizohizo. Sasa mwenye nyumba anataka gari lipite. Upana unakuwa futi 8, kimo kilekile, uzito unakuwa kilo 60 na umbali wa uzito futi 4. Mvuto wa bawaba ya juu sasa ni kilo 60. Upana umeongezeka mara mbili, mvuto mara nne, na mshazari umelala nyuzi 27 kama vile vipande vifupi nilivyovilaumu. Kwa hiyo zaidi ya futi 4 au 5, mbao zigawanywe mabawa mawili. Bawaba ya juu, kwa upana wowote, haistahili skrubu. Ifungwe kwa bolti zinazopenya ubao na kutokea upande wa pili, zenye nati na washa. Ya chini inasukumwa, haidai mengi. Ukikuta bawaba zote mbili zimefungwa kwa vitu sawa kabisa, ni jicho la ulinganifu tena.

Mtu wa pwani anaweza kuuliza: je, ile milango ya nakshi ya Unguja na Lamu, mizito kuliko lango lolote la uani, mbona haina mshazari? Swali zuri, na jibu lake limo katika umbo. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Lamu mwaka uliofuata, na milango ni sehemu ya sifa za miji yote miwili; lakini wanaoisifu huanza na maua na minyororo iliyochongwa na mara nyingi huishia hapo. Tuanzie kwenye kuning'inia. Mlango wa jadi wa pwani hauning'inii. Kila ubawa una ncha mbili zilizochongwa juu na chini, ya chini ikizunguka kwenye tundu la kizingiti cha chini, ya juu kwenye kizingiti cha juu. Uzito wote unashuka moja kwa moja kwenye kizingiti cha chini; hakuna skrubu ya kung'oka. Kisha mabawa ni mawili, marefu na membamba. Tuseme ubawa una kilo 70, upana futi 2, na ncha zake zimetengana futi 7: mvuto wa juu ni kilo 10. Ubawa wa kilo 70 unaivuta fremu yake kidogo kuliko lango letu la paini la kilo 30. Hauhitaji kuiga mshazari wa mtu.

Tazama pia nakshi ilikowekwa. Sehemu kubwa iko kwenye kizingiti cha juu na kwenye miimo, yaani sehemu zisizotembea. Mabawa yenyewe kwa kawaida ni mbao pana zisizo na mengi, zikiwa na safu za misumari mikubwa ya shaba au chuma. Wanaotembeza wageni husimulia habari za tembo wa Bara Hindi kila wanapofika kwenye misumari hiyo. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingempa tembo taabu ya kugeuka. Kipande kinachotembea na kupambwa sana ni mfaa, ule mti wa katikati uliofungwa kwenye ubawa mmoja, nao una kazi: hufunika mpenyo kati ya mabawa. Huu ni uamuzi wa kimuundo ambao fundi wa lango la uani angeweza kuuazima kuliko kuazima maua. Uzuri uwekwe kwenye nguzo na kwenye boriti ya juu, vitu visivyosogea. Kila kilo ya nakshi iliyobandikwa kwenye ncha ya upande wa komeo inalipwa kwenye bawaba ya juu.

Nikitaja nguzo, nimefika kwenye sehemu ambayo wengi wanaona haimo ndani ya lango. Imo. Lango likianza kuburuza, mara nyingi mbao ziko kama zilivyowekwa na kilichoinama ni nguzo. Inavutwa kwa namna ya peke yake: lango likiwa limefungwa, mvuto unaelekea kwenye uwazi, likifunguliwa, mvuto unazunguka pamoja nalo mpaka uelekee upande mwingine kabisa. Udongo unaoishika unasukumwa huku na huku kila mtu anapoingia na kutoka. Mafundi wengi huzika theluthi ya urefu wote, futi 3 kwa nguzo ya futi 9, nami sioni sababu ya kubishana nao. Dawa nyingine ni boriti inayounganisha vichwa vya nguzo mbili, ili ya bawaba ikitaka kuinamia uwazi isukume mwenzake.

Kwenye udongo adui ni mchwa na uozo, na uozo huanzia pale nguzo inapotoka ardhini, penye unyevu na hewa pamoja. Chini kabisa mara nyingi mti ni mzima. Kwa hiyo zege linalozunguka nguzo liinuliwe kidogo juu ya udongo na kuteremka kwa nje ili maji yasitulie, na chini ya nguzo pawekwe kokoto. Nyanda za juu za Kenya zina mtarakwa, mwerezi wa milimani, ambao mchwa hautaki. Wengine tuna nguzo za mkaratusi au paini zilizosindikwa dawa. Oili chafu ya gari inayopakwa kila mahali hukaa juu ya ngozi ya mti, na mchwa haanzii kwenye ngozi.

Nirudi nyuma ya lango, kwenye nafasi zilizoachwa kati ya mbao za kusimama. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake. Urefu wake haubadiliki kiasi cha kusumbua. Ubao wa paini wa inchi 6 uliopigiliwa ukiwa mbichi unaweza kupoteza milimita 4 au 5 ukikauka, na kurudisha sehemu yake mvua zikianza. Mbao za kulala zinavuka zile za kusimama, kwa hiyo lango lina mbao zinazopanuka zilizofungwa kwenye mbao zisizorefuka. Ukizibana kavu kabisa bila nafasi, masika yatazisukuma zinyanyuke kifua, au yang'oe misumari. Ukizibana mbichi, kiangazi kitafungua mianya isiyo sawa, jirani akawa anaona sufuria zako. Fundi mzuri anaacha nafasi ndogo iliyo sawa, upana wa msumari, akiwa amejua mbao zake ziko katika hali gani siku hiyo. Anakata ncha za juu kwa mteremko pia, kwa maana ncha ya ubao hunywa maji kuliko uso wake. Zile ncha za mshale nilizozitaja zina kazi, kumbe. Ncha ya upinde mpana hutiririsha maji kidogo, na iliyokatwa tambarare ni kikombe.

Misumari nayo inasomeka. Mbao mbili za inchi 1 zikikutana na msumari wa inchi 3, inchi moja inatokea nyuma. Anayeikata kwa koleo amemaliza haraka. Anayeikunja na kuizamisha kukatiza nyuzi za mti ameufanya msumari kuwa kibano, na ubao unaopanuka na kusinyaa hautaweza kuuvuta urudi ulikotoka. Msumari mweusi usio na madini ya zinki utalia machozi ya kutu chini ya rangi kabla ya mwaka kwisha, hasa karibu na bahari.

Lango la zamani lina maandishi ya ziada ambayo fundi hakuyaandika. Kwenye ardhi pana mchirizo wa duara uliochimbwa na kona ya chini. Kina chake kinakuambia kona imeshuka kiasi gani. Kwenye nguzo ya komeo pana matundu mawili au matatu, moja chini ya jingine, kila moja la wakati wake, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akishusha tundu la komeo badala ya kuliinua lango. Upande wa chini wa ncha umekatwa msumeno kwa pembe, ili lipite juu ya mchirizo. Haya yote ni majibu kwa mshazari uliolala vibaya au bawaba ya juu iliyolegea, na yote yanashughulikia mahali pasipo na kosa.

Lipo jibu moja ambalo lina akili. Utaliona kwenye malango mengi ya vijijini na ya pembezoni mwa miji: waya uliokunjwa mara mbili, kutoka bawaba ya juu hadi kona ya chini ya upande wa komeo, na kijiti kimepitishwa katikati na kuzungushwa mpaka waya ukakaza na komeo likarudi kwenye tundu lake la kwanza. Kijiti kimefungwa kwenye ubao kisirudi. Aliyeuweka huenda hakuwahi kushika kipimo, lakini amesoma sawasawa: mstari unaovutwa amempa waya, kitu kinachojua kuvutwa. Na pale mshazari wa fundi ulipokuwa umewekwa kinyume, waya umepita juu yake kabisa, ubao na waya vikifuata njia moja, mguu kwa mguu. Ubao haufanyi chochote. Ukiung'oa na kuupigilia kwenye mshazari wa pili, mguu wake ukiwa kwenye pengo karibu na bawaba ya chini, utakuwa na lango lenye mti unaobanwa na waya unaovutwa, na kijiti hutakigusa mpaka waya uliwe na kutu.